Halua Kilo Moja, Maji Hakuna

Daktari aliponiambia kwamba tumbo langu limenitangulia vya kutosha na kwamba sasa ilikuwa zamu ya miguu, nilifanya lile ambalo karani wa miaka ishirini na mbili hulifanya anapokabidhiwa jambo asilolijua: nilitafuta waraka unaolihusu. Waraka niliupata. Katika miaka ya 1930, klabu moja ya wapanda milima ya Seattle, Marekani, iitwayo The Mountaineers, ilitunga orodha ya vitu kumi ambavyo mtu anayeingia porini hata kwa siku moja hapaswi kuvikosa, nayo ni hii: ramani, dira, miwani ya jua pamoja na mafuta ya kujikinga na jua, nguo za ziada, tochi, dawa za huduma ya kwanza, kitu cha kukokea moto, kibiriti, kisu, na chakula cha ziada. Niliinakili kwa wino mweusi, nikaipigia mistari, nikaacha safu ya tiki upande wa kulia.

Mke wangu, ambaye huisikiliza orodha yoyote kama anavyoisikiliza hesabu ya muuza samaki, alisubiri nimalize kuisoma ndipo akauliza swali moja.

"Na maji?"

Niliipitia tena kwa kidole, kutoka juu hadi chini. Maji hayakuwamo. Nikamweleza kwa upole kwamba watu walioshinda kwenye milima ya theluji wasingeweza kusahau jambo kubwa kiasi hicho, na kwamba ikiwa hawakuyaandika basi walikuwa na hekima yao. Baadaye sana nilikuja kusoma kuwa orodha hiyo ilipangwa upya mwaka 2003 na maji yakapewa nafasi yake. Mimi nilikuwa nimenakili ile ya zamani, kama mtu anayekwenda bandarini na ratiba ya boti ya mwaka jana.

Vifaa nilivinunua katika soko la Darajani, Unguja, kwa siku tatu. Dira niliipata kwa mzee auzaye saa mbovu. Sweta la sufu nililitoa kwenye mitumba, nalo lilikuwa zito kiasi kwamba muuzaji mwenyewe alinishika mkono akaniuliza kama nasafiri Ulaya. Kisu kilikuwa cha kukunja, kidogo, chenye vifaa vingi ndani yake, kikiwamo kizibuo cha chupa za mvinyo ambacho nilimwahidi mke wangu kwamba sitakitumia. Muuzaji wa kisu akanitilia filimbi ya plastiki bila ya malipo, nami nikafurahi kwa sababu nilikuwa nimesoma kuwa kuipuliza mara tatu mfululizo ni ishara ya kuomba msaada. Kwa upande wa chakula cha ziada, maelezo yalisema kiwe chenye nguvu nyingi na kisichoharibika upesi. Sikuhitaji kufikiri. Nilipofika Pemba nilipita Wete nikanunua halua kilo moja, nikaongeza karanga za chumvi.

Ami yangu anaishi Konde, kaskazini mwa Pemba. Asubuhi ya safari, katikati ya Februari wakati kaskazi inavuma na jua halimstahi mtu, alinikuta barazani nikijitahidi kulifunga shanta.

"Sabalkheri, mwanangu. Unahama?"

"Hapana, Ami. Nakwenda ufukweni Vumawimbi kwa miguu kupitia msitu wa Ngezi, na alasiri nitarudi."

Yeye mwenyewe alikuwa akielekea shambani, naye alibeba panga, pakacha tupu na kidumu cha maji. Alininyooshea kidumu. Nikakataa kwa adabu, nikimweleza kuwa lita moja ya maji ni kilo moja kamili na mzigo wangu ulikuwa tayari umefikia kilo kumi na moja kwa mizani ya duka la jirani. Akaninyooshea panga. Nikamwonesha kisu. Ami alikitazama kwa muda, akakifungua kizibuo, akakifunga tena, akanirudishia bila ya kusema neno.

Sehemu ya kwanza ya safari sina la kuilalamikia. Barabara ya Konde kwenda Makangale inapita katikati ya msitu wa Ngezi, na mtu akiingia pale chini ya mivule hupokewa na ubaridi kama wa ndani ya msikiti. Bundi wa Pemba, ambaye haishi popote duniani isipokuwa katika kisiwa hiki, alikuwa amelala mahali fulani humo juu, akisubiri jua lichwe ndipo atoke, jambo ambalo sasa naliona kuwa la busara. Mimi nilikuwa nimevaa miwani ya jua kwa kuwa imo katika orodha, kwa hiyo sehemu kubwa ya msitu huo wa sifa niliiona kama usiku, na mizizi miwili niliijua kwa vidole vya miguu.

Nilipotoka msituni nikaona mashamba ya mipira, na hapo ndipo nilipopata wazo. Vumawimbi iko upande wa mashariki wa rasi, dira ninayo, kwa nini nifuate barabara kama mtu asiye na vifaa? Nikaiweka dira juu ya simu yangu ili ikae sawa kama iliyo juu ya meza, nikatafuta mashariki, nikaingia baina ya miti.

Asiyewahi kupotea katika shamba la mipira ataona ni jambo lisilowezekana, kwa sababu miti yake imepandwa kwa mistari iliyonyooka kuliko hata ile niliyoipiga katika orodha yangu. Hilo ndilo tatizo lenyewe. Kila mstari unafanana na mwenzake, kila mti una mkato wake wa kuteremka upande na kikombe chake chini, na ukigeuka kumtazama ndege huna tena hakika kama ulikuwa unakwenda au unarudi. Kila baada ya muda nilisimama, nikaitazama dira juu ya simu, nayo ikanithibitishia kuwa naelekea mashariki. Nilitembea mashariki kwa muda wa saa mbili. Rasi ile ni nyembamba, na mtu anayekwenda mashariki kwa saa mbili angepaswa kuwa anaogelea.

Saa saba nilikaa chini nikala. Nataka nieleweke vizuri: halua ile ilikuwa nzuri, yenye hiliki na kungumanga, inayong'aa samli, na nilikula kama robo yake kwa sababu nguvu zilikuwa zimeniishia. Halua, kama ajuavyo kila mtu wa visiwa hivi, huliwa kwa kahawa chungu, na ikikosekana kahawa basi angalau kwa gilasi ya maji. Mimi niliiteremshia karanga za chumvi. Baada ya robo saa ulimi wangu ulikuwa umegandana na kaakaa hata nikilitamka jina langu linatoka nusu.

Ndipo nilipoanza kuvitazama vile vikombe. Mgema mipira hufanya kazi alfajiri, maana utomvu hutiririka vizuri wakati wa baridi, kwa hiyo mchana ule hapakuwa na mtu, palikuwa na vikombe tu, mamia kwa mamia, kila kimoja kikiwa kimefungwa kwenye shina kwa waya katika urefu wa kiuno, kama vile miti yote imepanga foleni ya kugaiwa uji. Nilichungulia cha kwanza: kilikuwa na kitu cheupe, kizito, kilichoanza kuganda juu kama mtindi. Nilikinusa. Nilichungulia cha pili, cha tatu na cha kumi. Katika kimoja palikuwa na maji ya mvua kidogo, na ndani yake viluwiluwi vya mbu vikipanda na kushuka kwa furaha, nami nawaambia kweli kwamba nilisimama mbele ya kikombe kile kwa muda mrefu kuliko inavyomstahiki mtu mzima.

Ukingoni mwa shamba niliukuta mnazi, na chini yake nazi moja iliyoanguka. Haikuwa dafu, kwa kuwa dafu haliji chini mpaka lifuatwe juu. Ilikuwa koroma, iliyokwisha kupita udafu na haijafika unazi, lakini nilipoitikisa karibu na sikio niliyasikia maji ndani yake. Nikatoa kisu. Ncha yake ilizama katika kumbi kwa kiasi cha ukucha, ikakataa kuendelea, na nilipoigeuza ikajikunja ikanibana kidole. Nikatoa dawa za huduma ya kwanza, nikafunga kidole, nikatia tiki katika orodha. Baada ya hapo nilijaribu msumeno mdogo uliokuwa ndani ya kisu, nikajaribu kulipiga koroma juu ya jiwe, nikajaribu, Mungu anisamehe, kizibuo. Kizibuo kiliingia hadi mwisho wake bila ya kuligusa fuu, na hakikutoka tena. Nikawa sasa nina koroma lenye mkia wa chuma.

Wakati wa alasiri ulipoingia niliamua kuswali, maana Adhuhuri nilikuwa nimeichelewesha ili niziunganishe zote mbili kwa ruhusa ya msafiri. Maji ya udhu hayakuwapo, hivyo nikatayamamu kwa vumbi, mimi, katika kisiwa ambacho Waarabu walikiita Cha Kijani. Kibla chetu kiko kaskazini, kwa kuwa Makka na Pemba ziko karibu katika mstari mmoja, moja juu na moja chini. Nikaiweka dira juu ya simu nitafute kaskazini. Ikaniambia naelekea mashariki. Nikageuka kushoto; nikaelekea mashariki. Nikageuka tena, mashariki. Nilizunguka mzunguko mzima kama mtoto anayecheza pia, na popote nilipoelekea palikuwa mashariki.

Jua ndilo lililoniokoa na aibu ya kuswali kuelekea Bara Hindi. Tangu utotoni, nikisimama kwenye sala ya alasiri, jua huwa kwenye bega langu la kushoto, na sasa lilikuwa limenikodolea macho usoni. Nikaiondoa dira juu ya simu. Sindano ikatikisika, ikazunguka, ikatulia mahali pengine kabisa. Kifuko cha simu yangu, ambacho nilikinunua kwa sababu ya uzuri wa kufungika kwake, hufungika kwa sumaku. Siku nzima sindano ilikuwa ikiifuata simu yangu. Simu yenyewe ilikwisha chaji tangu saa nane, kwa kupiga picha za vifaa.

Nilipomaliza kuswali nikavaa sweta kichwani kama kilemba ili kujikinga na jua, nikajipaka tena mafuta usoni, na kwa kuwa mate yalikuwa yamekwisha nikaikamata filimbi. Nikapuliza mara tatu, kwa nguvu zote, kama maelezo yalivyosema.

Nilisikia kimya. Halafu nikasikia ugomvi.

Kumbe kiasi cha hatua mia moja kutoka nilipokuwa, nyuma ya safu ya mwisho ya miti, kilikuwapo kiwanja, na juu yake timu mbili za vijana zilikuwa zikicheza, moja ikiongoza mabao mawili kwa moja. Refa wao alikuwa akitumia mbinja. Waliposikia kipenga cha haki, mara tatu, wale wanaoongoza wakanyanyua mikono wakaondoka uwanjani wakisema mpira umekwisha, na wale wanaofungwa, ambao kwa hesabu yao zilibaki dakika ishirini, wakaja msituni kumtafuta aliyeumaliza.

Walinikuta nimekaa juu ya shanta, uso mweupe kama mwari aliyepakwa liwa, miwani myeusi, sweta kichwani, na mkononi koroma lenye mkia. Waliokuwa mbele walisimama ghafla hata waliokuwa nyuma wakawagonga. Mdogo wao alianza kusoma Ayatul Kursiyyu kwa sauti.

"Asalaamu alaykum," nilisema, au nilijaribu.

Waliitikia kwa tahadhari. Nahodha wao akasogea hatua moja.

"Wewe ndiye uliyemaliza mpira?"

"Nimepotea."

"Umepotea wapi? Kwetu ni pale." Akaonesha kwa kidevu, nami nikaviona, baina ya miti miwili, paa la bati, kamba ya nguo, na mbuzi aliyekuwa akinitazama.

Nikawaomba maji. Nahodha, kijana wa miaka kama kumi na mitatu atakayefika mbali katika siasa, akasema maji nitapewa, lakini kwanza nije niseme mbele ya wenzao kwamba mpira haujaisha. Nilisema. Nikaletewa ndoo ya maji ya kisima na kata ya kifuu. Nikanywa kata tano bila ya kupumzika, na ya sita nikaimimina kichwani pamoja na sweta. Kisha wakaamua, bila ya kuniuliza, kuwa kwa kuwa mimi ndiye mwenye kipenga na mimi ndiye niliyeharibu, dakika ishirini zilizobaki nitazichezesha mimi.

Ami alifika kwa baskeli katikati ya dakika hizo, baada ya kusikia njiani kwamba kuna mtu wa Unguja anayechezesha mpira kwa miwani ya jua. Alikaa pembeni akalichukua koroma langu, akalifungua kwa mapigo matatu ya panga, akakichomoa kizibuo na kukifutia kwenye msuli, akayanywa maji yeye mwenyewe, maana mimi nilikuwa nakimbia.

"Mwanangu," aliniita nilipopita karibu yake, "kisiwa hiki kina bahari pande zote. Ungekwenda mbele tu."

Wale waliokuwa wakifungwa walisawazisha kwa kona ambayo mpaka leo wenzao wanasema sikupaswa kuitoa. Jua lilikuwa limeshuka, halua ilikuwa imekwisha mikononi mwa wachezaji wa akiba, na saa ya Ami ilionesha dakika ishirini zimetimia. Nikasimama katikati ya kiwanja, nikapuliza filimbi mara tatu, kwa nguvu zote. Hakuna aliyesimama hata mmoja.