Acheni Teki za Elvis Zikae Nzima

Umepandishwa tena mtandaoni mkusanyo wa nyimbo za Elvis Presley za miaka ya 1950, kila wimbo ukiwa umebandikwa maneno "toleo mbadala" na basi. Hakuna tarehe, hakuna studio, hakuna namba ya teki, yaani ya jaribio moja la kurekodi wimbo. Sauti ya fundi mitambo anayetaja namba imekatwa, hesabu ya kuanzia imekatwa, mazungumzo ya mwisho yamekatwa, na ule mvumo wa kanda umesuguliwa mpaka pumzi ya mwimbaji nayo imeondoka. Hili linaniudhi, kwa sababu teki iliyowekwa pembeni ina thamani moja: inaonyesha kazi ilivyofanyika. Ukiondoa kazi, anayesikiliza anabaki na wimbo anaoujua, ila umeimbwa vibaya kidogo.

Tuanze na namba, maana ndizo zinazodharauliwa mapema. RCA, kampuni ya rekodi ya Elvis, waliupa kila wimbo namba ya kumbukumbu, na herufi ya mwanzo ndiyo mwaka: G ni 1956, H ni 1957, J ni 1958. "Heartbreak Hotel" ni G2WB-0209, Nashville, Januari 10, 1956. Chini ya namba hiyo ndipo teki zinapohesabiwa. Fundi anataja "teki ya kwanza" kwenye kipaza sauti cha chumba cha mitambo, bendi inaanza, mpiga besi anakosea baa ya pili (kipande kifupi cha mapigo), wanasimama. Hiyo tayari ni teki ya kwanza, na inayofuata ni ya pili. Kwa hiyo ukisoma kwamba "Hound Dog" ilikwenda teki 31, usidhani iliimbwa mara 31 kutoka mwanzo hadi mwisho. Ndiyo maana watoaji makini huandika FS kwa mwanzo ulioharibika, LFS kwa ulioharibika baada ya kwenda mbali, na M kwa masta, yaani teki iliyochaguliwa kwenda sokoni. Herufi hizo hazichukui nafasi yoyote kwenye jalada, na hakuna sababu ya kuziacha.

Na tukumbuke jinsi kilichobaki kilivyo kidogo. Julai 2, 1956, studio ya RCA jijini New York, Elvis alirekodi "Hound Dog" kwa teki 31 na "Don't Be Cruel" kwa teki 28, siku hiyohiyo. Prodyuza wa kampuni, Steve Sholes, alikuwepo, lakini aliyekuwa anaamua turudie au tusirudie ni kijana wa miaka 21 aliyekuwa anainama mbele ya spika kusikiliza. Tunalijua hilo kwa sababu mpigapicha Alfred Wertheimer alikuwa chumbani na kamera yake. Picha tunazo. Teki zile nyingine hatunazo; hazikutunzwa. Kule Memphis, kwa Sam Phillips, mwenye studio na lebo ya Sun alikoanzia Elvis, hali ni hiyohiyo: kanda ilikuwa ghali, iliyokwisha kazi ilirekodiwa juu yake, na "Mystery Train" imetufikia ikiwa masta peke yake. Kwa hiyo kila sekunde iliyonusurika ni hazina, na mtu anayeikata ili wimbo uanze "safi" anamaliza uharibifu ambao wengine waliuanza.

Chukua "Blue Moon of Kentucky", Julai 1954. Bill Monroe aliuandika wimbo huu ukiwa wa mwendo wa tatu, mapigo matatu kwa baa, ule wa waltz. Toleo la Elvis lililotoka kwenye Sun namba 209 ni la nne kwa nne na linakimbia. Katikati ya hayo mawili imebaki teki moja ya polepole: Elvis, Scotty Moore kwenye gitaa, Bill Black kwenye besi ya kusimama, hakuna dramu. Mwendo wa tatu umeshaachwa, kasi bado haijapatikana. Gitaa la Scotty linapapasa njia, sauti ya Elvis inateleza juu ya maneno kama anayeyapima uzito. Wimbo unakwisha, na hapo ndipo Sam Phillips anasikika akiwapongeza, akiwaambia hiki sasa ni kitu tofauti, kimekaribia kuwa wimbo wa pop. Sekunde chache tu za maneno, lakini ndani yake unamsikia mwenye studio akitambua alichokipata wakati huohuo anapokipata. Hakuna kitabu kitakachokupa hicho. Na kuna matoleo yanayoufifisha wimbo kabla Sam hajafungua mdomo!

Upande wa ufundi, Sun ina jambo moja linalomuumbua kila anayekata ovyo. Mwangwi wa Sam haukuongezwa baadaye. Alitumia mashine mbili za kanda za Ampex: sauti ilirekodiwa, ikasomwa na hedi ya pili (hedi ni kile kichwa cha mashine kinachogusa kanda), ikarudishwa kwenye mchanganyiko, vyote kwa wakati mmoja. Kanda ikikimbia sentimita 38 kwa sekunde, na hedi ya kurekodia ikiwa kama sentimita 5 kutoka hedi ya kusomea, mwangwi unachelewa kwa takriban sekunde 0.13. Umeshaingia kwenye kanda na hautoki. Ukikata mara tu neno linapokwisha, umekata neno na kuacha mwangwi wake upande wa pili wa wembe. Kwa hiyo sikiliza kwa hedifoni neno la mwisho kabla ya sehemu unayoitilia shaka. Likikauka ghafla wakati maneno mengine yote yana mrudio, mkono umepita hapo. Dalili ya pili ni matoazi kwenye rekodi za RCA: mlio wake unatakiwa kufa polepole, na ukikatika au ukipanda ghafla, hizo ni teki mbili zilizoungwa. Ya tatu ni kasi. Bendi haipigi teki mbili kwa mwendo mmoja kamili, na mguu wako ukigonga sakafuni utalihisi hilo kabla ya sikio.

Kuunga kwenyewe sikukatai. Kanda hukatwa kwa wembe mshazari wa nyuzi 45 ili sauti moja iingie ndani ya nyingine bila kishindo, na mafundi wa wakati ule waliijua kazi hiyo vizuri. "I Love You Because" iliyotoka kwenye albamu ya kwanza ya 1956 iliungwa kutoka teki zaidi ya moja, na sehemu ambayo Elvis anazungumza badala ya kuimba iliachwa nje. Ule ulikuwa uamuzi wa kutengeneza masta. Teki yenye mazungumzo ilitolewa rasmi mwaka 1974, na sasa mtu anaweza kusikiliza zote mbili akaelewa kwa nini waliiacha. Kinachonikera ni kuunga teki mbili leo, kutengeneza kitu ambacho hakikutokea siku yoyote, halafu kukiuza kama teki.

Tena Elvis mwenyewe alikuwa na msimamo kuhusu hili. Usiku wa Aprili 3 kuamkia 4, 1960, Studio B ya Nashville, noti ya juu ya mwisho wa "It's Now or Never" ilikuwa inamsumbua. Fundi Bill Porter alimwambia hakuna haja ya kurudia wimbo wote, aimbe mwisho peke yake, wataunga. Elvis akakataa: ama auimbe mzima, ama asiuimbe. Akauimba mzima.

Sasa usafishaji. Mvumo wa kanda za zamani umekaa sauti za juu, na hukohuko ndiko zinakokaa pumzi, herufi s, ncha ya matoazi na mkwaruzo wa kipiki kwenye nyuzi. Programu hufundishwa mvumo kwa kupewa sehemu tupu ya kanda, halafu inaupunguza kote. Ikipunguza kidogo, sawa. Ikipunguza sana, inashindwa kutenganisha pumzi na mvumo, na sauti inaanza kutetemeka kimajimaji, hasa pale mwimbaji anaponong'ona. Kipimo ni rahisi: ongeza sauti mwisho wa wimbo, kodi ya mwisho ya gitaa (noti zinazopigwa kwa pamoja) inapofifia. Mvumo ukitoweka gitaa likiwa bado linalia, wamezidisha. Elvis aliimba karibu na maikrofoni kwa makusudi, pumzi yake ni sehemu ya uimbaji. Kuifuta ni kumfuta.

Kuhusu stereo bandia, yaani rekodi ya mono (njia moja ya sauti) iliyogeuzwa kwa mitambo ionekane ya njia mbili, ambayo RCA waliibandika kwenye albamu za mwanzo mwaka 1962, sina la kusema zaidi ya kwamba mono isikilizwe mono. Na "Tomorrow Night" ya Sun, iliyoongezewa vyombo vipya mwaka 1965, ilisubiri hadi 1985 ndipo watu wakaisikia ilivyorekodiwa.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba si kila msikilizaji anahitaji haya. Mtu anayetaka muziki wa sherehe ana masta, na masta zilichaguliwa kwa akili. Nakubali pia kwamba "I Got Stung" ilikwenda teki 24 na kuzisikiliza zote mfululizo kunachosha. Lakini anayebonyeza neno "mbadala" ameshasema anachokitaka. Mpeni tarehe, studio, namba ya teki, nani alipiga nini, hesabu ya kuanzia, makosa na maneno ya mwisho.

Anayetaka kuanza leo, na aanze na Juni 10, 1958, Studio B, Elvis akiwa likizo ya jeshi. Atafute "Ain't That Loving You Baby" zote mbili: ile ya mwendo wa wastani iliyotoka mwaka 1964, na ile ya kasi iliyofichwa hadi 1985. Mara ya kwanza amfuate mwimbaji. Mara ya pili aachane naye kabisa, afuate gitaa la Hank Garland na besi ya Bob Moore, asikilize wanachokibadilisha kasi inapopanda na wanachokiacha palepale.