Lawama kwa PEG: Kosa ni la Polima au la Upandaji?

Katheta, yaani mrija mwembamba wa tiba, ikiingia mshipani, protini za damu huifunika ndani ya sekunde chache. Albumini hutangulia, fibrinojeni, protini ya kugandisha damu, huja kuipokonya nafasi, chembe sahani hushika juu yake, na damu huanza kuganda. Kinga ya miaka mingi imekuwa polietilini glaikoli, yaani PEG, polima (mnyororo mrefu wa molekuli) ambayo ncha yake hupandwa, yaani hufungwa, juu ya uso wa kifaa. Sasa utasikia, Kampala kama kwingineko, kwamba imepitwa na wakati, na zamu ni ya polima za zwitaioni, zenye chaji chanya na hasi katika tawi moja.

Hoja hiyo ina uzito. Chaji hukamata maji kwa nguvu kuliko PEG, na protini hainati bila kuyaondoa maji hayo kwanza. PEG nayo huoksidika, hasa penye joto na ayoni za metali, na baadhi ya watu wana kingamwili dhidi yake.

Lakini mara nyingi PEG inayoshindwa ni PEG iliyopandwa haba. Mnyororo wenye uzito wa molekuli 5,000 hujikunja kuwa donge la nanomita 6 hivi. Minyororo ikiachana zaidi ya hapo, protini ndogo kama lisozaimu hupenya katikati. Ikibanana, husimama wima kama mafunjo ya kinamasi. Aliyeona mafunjo machache yakipitisha mtumbwi hawezi kusema mafunjo hayazuii kitu.

Kuibananisha kunawezekana: uso wenye vikundi vya amino, PEG yenye ncha ya aldehidi inayoshikana navyo, sodiamu sianoborohaidraidi ya kuimarisha kifungo, na maji yenye chumvi ya potasiamu salfeti ya asilimia 11 hivi kwa nyuzi 60 za Selsiasi. Humo PEG husinyaa, hivyo minyororo mingi zaidi hupata pa kushika. Ikirudi kwenye maji baridi hutanuka na kusongamana. Umeme ukikatika na maji yakapoa katikati ya kazi, minyororo hutanuka mapema na kuziba nafasi za mingine. Zwitaioni inayokuzwa kutoka usoni kwa kichocheo cha shaba hudai zaidi: oksijeni ifukuzwe kwa naitrojeni, na shaba ioshwe yote.

Kipimo ambacho wengi hukitumia kusema uso haunatwi na protini ni chini ya nanogramu 5 za fibrinojeni kwa sentimita ya mraba. Kipigie hesabu. Uzito wa molekuli ni 340,000, kwa hiyo hizo ni molekuli bilioni 9 hivi, karibu 90 kwa kila mikromita ya mraba. Chini ya chembe sahani moja yenye upana wa mikromita 2.5 zimebaki zaidi ya 400. Tena mara nyingi namba hiyo hutokana na protini moja iliyopitishwa kwa dakika chache, ilhali katheta ya kusafishia damu, mfano pale hospitali ya Kiruddu, Kampala, huweza kukaa wiki kadhaa. Kwa kipandikizi cha miaka ningechagua zwitaioni. Kwa katheta ya wiki, PEG iliyobanana inastahili kupimwa kwanza, ndani ya plazma nzima (majimaji ya damu yenye protini zake zote), nyuzi 37, saa 24.