Mchicha wa kijiko cha chai

Jamani, mtu mzima mimi, nimechomekea shati na kalamu iko mfukoni, leo nimegombania mchicha hadharani.

Aliyeniponza ni nesi aliyekuja kazini Jumatatu na mashine ya presha. Akanifunga mkono, akasoma, akaguna. Mguno wa nesi mnaujua. "Baba, Shirika la Afya Duniani linataka ule matunda na mboga gramu 400 kwa siku, kwa uchache." Nikaitikia kama vile nyumbani nina mzani.

Sasa kantini yetu ni ya bei chee: wewe 1,500, inayobaki anamalizia mwajiri. Foleni mpaka mlangoni. Dada mgawaji akanipakulia wali kama Uluguru, akamwagia maharage, halafu alipofika kwenye mchicha mkono ukaingia ganzi. Kijiko cha kukorogea chai! Nikahesabu majani: saba. La nane kumbe kitunguu.

"Dada, mboga iko wapi?"

"Si hayo maharage, baba'ngu?"

"Nauliza mboga ya majani."

"Si hiyo hapo pembeni?"

Nikakohoa, nikatoa sauti ya kikao. "Dada yangu, Shirika la Afya Duniani linasema gramu 400."

"Basi wakakupakulie wao."

Foleni nzima ikaangua kicheko. Kijana wa stoo nyuma yangu akadakia, "Mzee, chukua na wangu, mimi aniongeze mchuzi." Wa nyuma yake naye akasogeza sahani. Na mwingine. Kufumba na kufumbua nina mchicha wa watu wanne, na dada kashika kiuno.

"Umeona? Juzi nimeamka saa kumi, nimechambua mafungu thelathini mpaka vidole vyeusi. Yameingia motoni yamenywea, yamekuwa kisufuria hiki. Na hicho kisufuria nusu nimemwaga! Mnataka wali mlima, halafu mgawaji ndiye mbaya."

Nikanyamaza. Maana Ijumaa, nisiwafiche, aliyesema "hayo majani acha, weka mchuzi" alikuwa mimi.

Na matunda je? Kipande chao cha tikitimaji ukikiinua unamwona aliyekaa meza ya pili. Ndizi ni za wanaowahi.

Basi nikaula mchicha wa watu wanne, na mchanga wake wa watu wanne. Shemeji yangu wa Muheza kila msimu analia machungwa yanamwozea shambani, na mimi hapa Dar nabembeleza majani! Nani katuroga?

Jioni nikasema liwalo na liwe, nikanunua machungwa mawili ya mkokoteni kituoni. Chenji hana, kanipa pipi. Kabla sijauma, daladala hii hapa, tumebanana kama dagaa. Mkono huu chungwa limeshamenywa linachuruzika, mkono ule nimeshika bomba, na konda ananigonga bega: "Nauli, mzee, nauli!"

Niitoe na mkono upi?