Mapishi si pambo: namna ninavyoamua manga ni ya aina gani

Juzi saa tano usiku mdogo wangu alinitumia ujumbe wa sentensi moja: "Dada, uliniambia ni vichekesho vya mapishi." Alikuwa amefika juzuu ya 4 ya Dungeon Meshi, moja ya manga, yaani hadithi za picha za Kijapani. Waliosoma wanajua juzuu ya 4 imebeba nini: mifupa, damu, uchawi uliopigwa marufuku, na msichana anayerudishwa duniani kwa nyama ya joka lililommeza. Mdogo wangu hasomi hadithi za kutisha. Sababu zake anazo, ninazijua vizuri, na bado nilimkabidhi mfululizo ule nikimhakikishia kwamba atacheka. Alicheka juzuu tatu nzima. Usiku wa juzuu ya 4 alilala taa ikiwaka.

Sikumdanganya kwa kukusudia. Nilirudia kile kinachoandikwa kila mahali, na ndicho kinachoniuma. Nina daftari ninaloorodhesha manga zote nilizosoma ili nijue nimpendekezee nani nini, na kwenye safu ya "aina" nilikuwa nimeandika "vichekesho, mapishi" bila kufikiri, miaka kadhaa iliyopita, nikiwa juzuu ya 2. Sikurudi kulisahihisha hata baada ya kumaliza zote 14. Wiki hii nimelipitia daftari lote upya, mstari kwa mstari, na kuna mambo nimeyaona ambayo lazima niyaseme.

La kwanza nalimaliza haraka kwa sababu limenichosha. Shonen (ya wavulana) si aina ya hadithi, na shojo (ya wasichana), seinen (ya wanaume watu wazima) na josei (ya wanawake watu wazima) nazo si aina. Hayo ni majibu ya swali moja tu: jarida lililoichapa lilikuwa likimlenga nani? Vinland Saga ilianza 2005 katika Weekly Shonen Magazine, na kabla ya mwaka huo kwisha ikahamia Monthly Afternoon, jarida linalolenga wasomaji wa kiume waliokomaa. Kwa hiyo ililala shonen ikaamka seinen. Mhusika mkuu Thorfinn ni yuleyule, adui yake Askeladd ni yuleyule, kisasi cha baba ni kilekile. Rudi nyuma zaidi, mwaka 1975, Moto Hagio aliandika hadithi ya wanafunzi walio kwenye chombo cha anga kwa ajili ya mtihani. Wanatakiwa wawe kumi, wanajihesabu na kujikuta kumi na mmoja. Ni hadithi ya sayansi yenye fumbo zito ndani yake, na ilitoka kwenye jarida la wasichana. Mtu akiiandika "shojo" akaishia hapo, amemwambia nini msomaji anayetafuta fumbo? Nakubali, tena shingo upande, kwamba jina la jarida hukudokezea kidogo kasi ya hadithi na urefu wa mapigano. Lipewe safu yake basi. Lisikae kwenye safu ya aina likizuia neno lenye maana.

La pili ni mandhari. Gintama ina Edo (Tokyo ya zamani), ina samurai, ina viumbe kutoka anga za juu walioivamia nchi na kupiga marufuku upanga. Nimekuta watu wanaiita hadithi ya kihistoria. Hapana. Edo pale ni vazi. Mwandishi wake, Hideaki Sorachi, analivua na kulivaa apendavyo, na humo ndani kuna televisheni na pikipiki. Kinachoibeba Gintama ni vichekesho, na vile vipindi vizito vinavyokutoa machozi hukutoa machozi kwa sababu umecheka na watu hao kwa miaka.

Sasa nifike ninapotaka kufika.

Mfululizo unaochanganya aina nyingi haukusumbui kwa kukosa aina. Unakusumbua kwa kuwa nazo zote mbele ya macho yako, nawe hujui ipi ina kazi na ipi imekuja kutembea. Njia ninayoitumia sasa ni ya mafiga. Chungu kinakaa juu ya mafiga matatu, na ndani ya chungu kuna viungo. Ukipunguza kiungo, mchuzi unapooza lakini bado ni mchuzi. Ukiondoa figa, chungu kinamwagika. Kwa kila aina ninayotaka kuiandika najiuliza: nikiing'oa hii, hadithi inapooza au inamwagika? Ikimwagika, ni aina yake. Ikipooza tu, ni kiungo. Kiungo nakithamini sana, lakini hakiingii kwenye safu ya aina.

Nimeijaribu kwa Dungeon Meshi, na hapo ndipo nilipoona kosa langu lilivyokuwa kubwa. Nitataja mambo ya mwishoni, kwa hiyo kama hujaimaliza, ruka hadi nitakapoanza kuzungumzia Golden Kamuy.

Watu wengi huyaona mapishi ya mfululizo huu kuwa mzaha mzuri uliobandikwa juu ya fantasia ya kawaida. Kuna shimo lenye mazimwi, kuna kundi la wasafiri, na kwa kuwa mwandishi Ryoko Kui ana kipaji, wasafiri wanapika mazimwi badala ya kuyaua tu. Ukiisoma hivyo, unaweka "fantasia" mbele na "mapishi" nyuma kama chumvi. Hebu tuyang'oe hayo mapishi tuone. Falin, mdogo wa kike wa Laios anayeliongoza kundi, amemezwa na joka jekundu. Joka humeng'enya chakula polepole, kwa hiyo muda upo, ila ni mdogo. Kundi halina pesa, wenzao wawili wameondoka, mizigo yenye chakula imebaki ndani kabisa. Wakisubiri wakusanye akiba, Falin atakwisha tumboni. Njia pekee ya kushuka mara moja ni kula wanachokikuta njiani. Tazama vizuri: saa inayoiendesha hadithi nzima ni saa ya mmeng'enyo wa chakula, na mafuta yanayowasukuma ni njaa. Ng'oa kula, na safari haianzi.

Endelea. Laios anachukua yale mavazi ya chuma yanayotembea, ambayo kila mtu aliamini yanaendeshwa kwa uchawi, na anagundua kwamba ndani yake wanaishi viumbe laini kama konokono wa baharini. Aligunduaje? Kwa kutaka kujua kama yanalika. Katika mfululizo huu kumla kiumbe ni njia ya kumjua, na ndiyo maana Kui anatuwekea viambato na hata chati ya lishe ya mlo. Nilipoanza kusoma nilikuwa nikiziruka chati hizo. Naona aibu kusema hivyo sasa, kwa sababu zinafanya kazi ileile inayofanywa na mazungumzo: zinakufundisha kwamba mle shimoni kila kitu kinalishwa na kingine, na binadamu hana kiti cha pekee kwenye mnyororo huo.

Ndipo unapofika juzuu ya 4 na kila ulichofundishwa kinakugeukia. Joka limemla Falin. Marcille, mchawi wa kundi, hana nyama ya kutosha ya kumfufulia, kwa hiyo anatumia ya joka. Hiyo nayo ni kanuni ya jikoni, kitu kimoja kinakuwa kingine, safari hii ikitumika kwa mtu unayempenda. Baadaye Falin anageuka kiumbe nusu mtu nusu joka, na mpango pekee wa kumrudisha ni wenzake kuila ile sehemu ya joka. Wanaila kweli, kwenye karamu kubwa, na karamu hiyo ndiyo kilele. Halikuwa pigano la mapanga. Hata adui mkuu, yule simba mwenye mabawa, chakula chake ni matamanio ya watu, na anashindwa pale hamu yake yenyewe ya kula inapoliwa. Na Senshi, mpishi wa kundi! Mzee yule aliyebeba kwa miaka na miaka shaka ya supu aliyolishwa akiwa kijana, asijue nyama ile ilikuwa ya mnyama au ya mwenzake. Sura zile nilizisoma mara tatu. Mtu anayesema mapishi ni pambo aniambie Senshi anabaki nani pambo hilo likiondolewa.

Kwa hiyo katika daftari langu mapishi yamepanda, yamekaa namba moja, mbele ya fantasia. Fantasia ni figa la pili, hilo halina ubishi, maana bila uchawi na mazimwi hakuna cha kupika. Vichekesho nimeviteremsha kuwa kiungo, na najua nitapingwa. Vichekesho vyake navipenda mno. Lakini nikiwaza mfululizo huohuo ukisimuliwa kwa uso mkavu, naona bado unasimama. Unapooza sana, unapoteza nusu ya wasomaji wake, ila chungu hakimwagiki.

Halafu kuna hofu, ile iliyomfanya mdogo wangu alale taa ikiwaka. Hapa kipimo changu kimenisumbua zaidi ya mahali pengine popote. Ukiondoa kurasa za kutisha, mpango wa hadithi unabaki ulivyo. Kwa mafiga, basi, hofu ni kiungo. Lakini kuna viungo ambavyo mtu akila bila kuambiwa anaumwa. Ndiyo sababu sasa nina safu mbili. Moja ni ya aina, inayosema hadithi inasimama juu ya nini. Nyingine ni ya tahadhari, inayosema utakutana na nini njiani. Kosa letu kubwa ni kuzichanganya hizo mbili. Mmoja anaandika "ya kutisha" na kumfukuza msomaji ambaye angeipenda. Mwingine, kama mimi, haandiki kabisa na kumwacha mtu peke yake na mifupa usiku wa manane.

Golden Kamuy nayo imenilazimisha kukiri jambo. Satoru Noda aliichora katika Weekly Young Jump kuanzia 2014 hadi 2022, juzuu 31, na ndani yake kila mtu ana aina yake anayoipigia debe. Wapo wa vita, wa kusaka hazina, wa historia ya Waainu (wenyeji wa asili wa kaskazini mwa Japani), wa vichekesho, wa kuishi porini kwenye theluji ya Hokkaido, wa mapishi. Nilitamani sana mapishi yawe figa na huku pia. Nampenda Asirpa, msichana wa Kiainu, anayekataa katakata kuonja miso (uji mzito wa soya iliyochachushwa) ya askari Sugimoto akidhani ni kinyesi, kisha anaizoea hadi anaidai mwenyewe. Lakini ukiiondoa milo yote, wafungwa waliochorwa ramani kwenye ngozi bado wanasakwa, dhahabu bado imefichwa, majeshi bado yanakimbizana. Hadithi inatembea. Tusichokipata ni ule ukaribu wa askari aliyetoka vitani akiwa hajui kuishi na msichana anayemfundisha tena kushukuru kwa tonge. Ni hasara kubwa, lakini kwa haki ya kipimo, ni kiungo. Historia, kwa upande wake, ni figa kamili: dhahabu yenyewe ni ya Waainu, na swali la nani mwenye haki ya kuitumia ndilo linalowagawa wahusika. Linganisha na Edo ya Gintama, uone mandhari ya zamani katika mfululizo mmoja na mwingine yanavyoweza kuwa vitu viwili tofauti kabisa.

Wapo wanaosema tuache kuainisha, kazi nzuri haina aina. Wanaosema hivyo huwa tayari wameisoma. Msomaji aliyesimama mbele ya juzuu ya 1, na muda wake ni mchache, anahitaji kuambiwa kitu cha kweli. Na wapo wanaobandika aina kumi na mbili ili wasikosee. Hao hawajaamua chochote.

Suala la lini tuamue ndilo sijalipatia njia safi. Dragon Ball ilianza 1984 kama safari ya kuchekesha, na wengi leo wanaijua kwa mapigano. Kwa mfululizo uliokwisha naamua kwa kutazama wote, mwanzo hadi mwisho, na juzuu za kwanza hazina kura zaidi ya za mwisho. Kwa unaoendelea, kila baada ya juzuu kadhaa narudi kwenye mstari wake.

Dandadan, kwa mfano. Wahusika wake wakuu ni wanafunzi wawili. Momo anaamini mizuka na haamini viumbe wa anga. Okarun anaamini viumbe wa anga na haamini mizuka. Wanabishana, wanapeana changamoto, na kumbe wote wawili wako sahihi. Ng'oa mizuka au ng'oa viumbe wa anga, wawili hawa hawana cha kubishania na sura ya kwanza haipo. Kwa hiyo hayo ni mafiga mawili, nimeyaandika kwa wino. La tatu nadhani ni mapenzi, kwa jinsi kila pigano linavyoishia kwa mmoja kumtafuta mwingine kwa macho. Hilo nimeliandika kwa penseli.