Si tamaa ya wenye yadi peke yake

Mwandishi wa makala moja kuhusu bei ya juu ya magari ya mtumba amewatupia wenye yadi, yaani wauzaji wa magari hayo, lawama zote, eti ni tamaa yao. Hapana, ndugu yangu. Uhaba wa chipu, vile vifaa vidogo vya kielektroniki vya kuundia magari, wa 2021 ulipunguza magari mapya, Wajapani wakakaa na magari yao ya zamani, minada ya kule tunakonunua mtumba ikakauka, na sisi Kenya haturuhusiwi kuagiza gari lililopita miaka 8. Tunagombania machache yale yale. Julai 2023 ushuru wa forodha ukatoka asilimia 25 hadi 35, na VAT (kodi ya ongezeko la thamani) inapigwa juu ya ushuru huo huo!

Juzi hapa Mombasa nimeonyeshwa Vitz, gari dogo la Toyota, bampa imepakwa rangi upya, kiti cha dereva kimechanika, na bei yake zamani nilinunulia Premio safi, Toyota kubwa zaidi. Mwalimu atanunua nini? Serikali itupunguzie ushuru wa magari madogo, jamani.