Gari Haliugui Korona

Wiki iliyopita nilikaa saa tatu kwenye kikao cha kamati inayoandika sera ya chuo chetu kuhusu dharura za kiafya, nikatoka na maumivu ya kichwa ambayo Panadol mbili hazijayaweza. Mpaka ukurasa wa sita tulikuwa salama. Ukurasa wa saba ndipo pana kifungu chenyewe: likizuka janga la maradhi ya kuambukiza, mwanafunzi au mfanyakazi asiye na cheti cha chanjo haingii chuoni, hasajiliwi, halali bwenini. Mwenye udhuru atapimwa PCR, kile kipimo cha maabara cha kusaka virusi, kila wiki, kwa gharama yake.

Kila wiki! Mtoto wa watu anayengoja mkopo wa serikali wa HELB hadi muhula unakaribia kwisha, anayekula chapati moja na madondo akaita chakula cha mchana na cha usiku, ndiye alipie kipimo ambacho wakati wa korona maabara za kibinafsi zilikitoza maelfu ya shilingi.

Nikamnong'oneza mwenzangu, hiki kifungu kimetoka wapi? Akacheka mpaka miwani ikamteleza. Kimenakiliwa kutoka chuo cha ng'ambo, na aliyenakili hakusoma mpaka mwisho, maana pale chini bado pana agizo kwamba nyaraka ziwasilishwe "kabla ya muhula wa majani kupukutika". Hapa kwetu majani yanayopukutika ni ya mkungu, nayo hayangoji muhula.

Sasa, kabla hamjanimiminikia: mimi si mpinga chanjo. Nimedungwa mara tatu. Kovu la BCG, chanjo ya kifua kikuu, ninalo kwenye mkono wa kushoto kama Wakenya wengi mnaosoma hapa, na hakuna aliyeniomba ruhusa, nilikuwa mchanga. Wale waliokuwa wakinitumia video za sumaku inayonata begani kwa aliyechanjwa nawaambia tu kwamba sumaku yangu ya friji imeshindwa kunata hata kwenye friji. Na mwaka 2021, wimbi la tatu lilipokuwa limepamba moto, tulimzika mzee mmoja wa idara yetu, mtu aliyenifundisha kusahihisha mitihani bila kumwonea mtoto wa mtu. Tulikuwa watu kumi na wanne kaburini, tumesimama mbalimbali kama tuliogombana. Alikuwa akisubiri zamu yake ya sindano. Kwa hivyo mtu asinieleze umuhimu wa chanjo.

Ninachouliza ni kimoja: sharti linamfunga nani?

Tukumbushane. Mwezi Machi 2021, chuo cha Rutgers kule Marekani kilitangaza kwamba wanafunzi wake watahitaji chanjo ili warudi madarasani msimu uliofuata. Kilikuwa cha kwanza kule, vingine vikafuata mkumbo. Sawa. Nchi yao ilikuwa imejinunulia dozi za kutosha kuwachanja watu wake na zikabaki. Mwezi huohuo sisi tulipokea shehena yetu ya kwanza, dozi milioni 1.02 za AstraZeneca, zikashuka uwanja wa Jomo Kenyatta usiku kwa mbwembwe za mgeni wa heshima. Milioni moja, kwa nchi ambayo sensa ya 2019 ilihesabu watu zaidi ya milioni 47. Kisha India, iliyokuwa ikitutengenezea, ikabana usafirishaji kwa sababu kwao moto ulikuwa umewaka. Aliyedungwa ya kwanza akaambiwa ya pili si baada ya wiki nane tena, ni kumi na mbili. Tukangoja.

Halafu Agosti ukaja waraka wa Joseph Kinyua, aliyekuwa mkuu wa utumishi wa umma: mtumishi wa umma awe amepata dozi ya kwanza kufikia tarehe 23, au ajieleze. Novemba 21 Mutahi Kagwe, Waziri wa Afya wakati huo, akatangaza kwamba kufikia Desemba 21, asiyekamilisha chanjo hatahudumiwa ana kwa ana katika ofisi za serikali. Siku anatangaza, watu wazima waliokamilisha hawakuwa wamefika hata mmoja kati ya kumi. Mahakama Kuu ililisimamisha agizo lile Desemba 14, na watu wakashangilia kana kwamba korona yenyewe ndiyo iliyosimamishwa.

Na chuo chetu? Chuo chetu kikaona kisipitwe. Tangazo likabandikwa getini, limewekewa plastiki lisilowe: bila cheti, huingii.

Niliyaona kwa macho yangu. Asubuhi ile niko kwenye gari, kioo nimeteremsha, kadi yangu nimeishika mkononi kama mtoto anayetaka kusifiwa. Askari akanipigia saluti. "Pita, Daktari." Kizuizi kikapanda. Kadi hakuitazama. Gari la nyuma yangu, pita. La tatu, pita. Pembeni, kwenye kijilango cha waendao kwa miguu, foleni ya wanafunzi imefika kwa muuza mahamri.

Kwenye foleni ile alikuwako kijana wangu wa mwaka wa pili, ametoka Garsen, kule Tana River. Dozi ya kwanza aliipata nyumbani Septemba. Tarehe ya pili ilimkuta huku mjini, akaenda kituo kimoja akaambiwa waliyonayo ni aina nyingine, arudi alikoanzia. Arudi Garsen! Kwa nauli gani? Kadi yake ikasoma dozi moja, na askari alikuwa ameambiwa mbili. Siku hiyo nilikuwa natoa CAT, ule mtihani wa katikati ya muhula. Nilishuka, nikaenda kuzungumza na yule askari, naye akaniambia kwa upole uliovunja nguvu zangu zote: "Mama, hata mimi mwenyewe sijachanjwa. Nikiacha lindo kwenda foleni ya sindano, kampuni inanikata siku."

Basi huyo ndiye aliyekuwa akitulinda na maambukizi, mchana kutwa akipumuliwa na foleni nzima. Na kliniki ya chuo, mwendo wa dakika mbili kutoka pale, asubuhi hiyo haikuwa na dozi hata moja. Mlangoni waliandika kwa kalamu ya buluu: CHANJO HAKUNA. Tangazo moja linakwambia bila chanjo huingii, na lingine, ambalo huwezi kulisoma mpaka uingie, linakwambia chanjo haipo.

Kijana alikosa CAT. Nilimtungia nyingine peke yake, ofisini kwangu, nikaandikiwa barua ya onyo. Bado ninayo.

Naam, nakiri, kwa shingo upande: vitisho vinafanya kazi. Baada ya tangazo la Kagwe foleni za chanjo zilirefuka, na shemeji yangu aliyeapa hatadungwa mpaka kiama alidungwa Jumatatu iliyofuata kwa kuogopa kukosa leseni yake ya udereva. Na najua Omicron ilikuja ikawapata hata waliochanjwa. Iliwapata, lakini wengi wao haikuwalaza hospitalini. Kama chuo kina dozi na kinataka kuzilazimisha, nitasimama upande wake hata kama mahakama itanisuta.

Kuhusu ruhusa ya kutochanjwa kwa sababu za kidini, iliyomo kifungu cha 9 cha sera hiyo, nitasema tu kwamba msajili wetu hawezi kupima kama ada imelipwa, sembuse imani.

Kutunyanyasa sisi kwa vyeti si jambo la getini kwetu tu. Julai 2021 Uingereza ilitangaza kutugawia dozi 817,000 za AstraZeneca, na Septemba ikasema cheti cha chanjo cha Kenya haikitambui. Sindano yako, chupa yako, mkono wangu, kisha unaniambia hujui nilichodungwa. Walirekebisha Oktoba, baada ya kelele. Nilikuwa na mwanafunzi wa uzamili aliyekuwa na nafasi kule, na wiki zile alikuwa akifungua barua pepe kila robo saa. Sasa nasi tunataka kuwafanyia watoto wetu wenyewe vilevile, kwa kifungu cha kunakili?

Nilichopendekeza kwenye kikao ni sentensi chache tu. Sharti lolote la chanjo lisianze kutumika mpaka chanjo hiyo iwe imekuwapo kliniki ya chuo, bure, kwa wiki sita mfululizo, Jumamosi zikiwemo. Askari, wapishi na wafagiaji walioajiriwa na kampuni wapewe siku ya malipo kamili kwenda kuchanjwa. Kadi ya karatasi ikubalike kama jina halijaingia kwenye kompyuta. Aliyepata dozi ya kwanza na ya pili ikakosekana ahesabiwe ametimiza. Na cheti kikaguliwe kwa wote wanaopita getini, wenye magari wakiwa wa kwanza.

Mwenyekiti alisoma mara mbili, akavua miwani, akasema kwamba kifungu cha namna hiyo "kitaufunga mikono uongozi".

Nikamwambia ndiyo, Bwana Mwenyekiti, nimekiandika kwa kusudi hilo. Katibu akaandika "imenukuliwa". Tunakutana tena Alhamisi.