Njooni Asubuhi, Kabla Picha Haijawa Picha

Matamasha ya uchoraji wa chaki barabarani hujaa watu alasiri ya siku ya mwisho. Picha zimekamilika, simu ziko juu, majaji wanapita na karatasi zao, na sisi tuliochora tumesimama pembeni tukinyoosha migongo. Waandaaji wanaipenda saa hiyo na huitangaza kuliko nyingine zote. Mimi hushiriki matamasha haya kama mchoraji, na nasema bila kumung'unya maneno: anayefika saa hiyo amekuta shughuli imekwisha. Ameona picha nzuri, sawa, lakini picha nzuri zipo tele, hata kwenye simu aliyoishika. Alichokikosa hakipatikani kwingine.

Alichokikosa ni kazi yenyewe. Mchoraji wa turubai ana chumba chake. Hujifungia humo, hujaribu, hufuta, hugeuza turubai litazame ukuta wiki nzima, kisha siku ya maonyesho sisi tunaoneshwa kilichokamilika tu. Barabarani hakuna mlango wa kufunga. Mstari wa kwanza unaonekana, wa pili unaonekana, na ule uliofutwa kwa kiganja unaonekana ukifutwa. Watu wamesimama mgongoni mwako, wanabishana kama hilo ni sikio au ua, wanakuuliza, wanaondoka, wanarudi na jamaa zao. Kwangu mimi hilo ndilo linaloufanya uchoraji huu uwe sanaa ya aina yake. Chaki ni kifaa tu.

Naamini ndivyo ulivyokuwa tangu mwanzo. Huko Italia, tangu karne ya 16, kulikuwa na wachoraji wa kuhamahama walioitwa madonnari, waliozunguka kutoka sikukuu hadi sikukuu wakichora Bikira Maria na watakatifu chini, kwenye mawe ya viwanja vya makanisa, wakiishi kwa sarafu za wapita njia. Hebu waza sarafu hizo zilitolewa saa ngapi. Mpita njia hakuwa na jaji wa kumwambia picha ipi ni bora. Alisimama, akaona shavu likijitokeza juu ya mawe, akaingiza mkono mfukoni. Alilipia alichokiona kikifanyika.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia kazi hiyo ilikuwa imefifia sana. Iliyoipa uhai upya ni Grazie di Curtatone, kijiji kilicho karibu na Mantova, kilipoanzisha mashindano yake mwaka 1973. Hadi leo, inapofika Sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni, tarehe 15 Agosti, wachoraji hujaza uwanja ulio mbele ya kanisa la hija la pale, na kazi huendelea hata usiku. Kutoka Italia desturi hiyo ikavuka bahari: mwaka 1987 Kathy Koury alianzisha tamasha la Santa Barbara, California, mbele ya jengo la misheni kongwe, ambako wafadhili hulipia miraba ya barabara na fedha kwenda kwenye elimu ya sanaa ya watoto. Napenda kwamba pale kinachofadhiliwa ni mraba mtupu, kabla mtu yeyote hajajua kitakachotokea juu yake.

Sasa niwaeleze kinachotokea.

Lami si karatasi. Ukiipapasa kwa kiganja utajua siku yako itakuwaje. Lami mpya ina mafuta na chaki huteleza juu yake. Lami kuukuu imeachia kokoto zake, na katikati ya kokoto kuna vishimo vinavyomeza rangi yote unayoitia. Kwanza ufagio, kisha brashi ngumu, kisha tepu kuzunguka eneo lako ili kingo zitoke safi. Wengi wetu huweka tabaka la msingi la rangi ya maji, au unga wa chaki uliokorogwa na maji, likasuguliwa hadi ndani ya vishimo ili pasteli za juu, vile vijiti laini vya rangi vinavyofanana na chaki, zipate pa kushika. (Kuna matamasha yanayokataza rangi ya maji kabisa, kwa hiyo soma kanuni kabla ya kufungasha.) Halafu unakuja uzi. Unapakwa unga wa chaki, watu wawili wanauvuta kutoka upande hadi upande, mmoja anauinua katikati na kuuachia, pa! mstari umenyooka kuliko mkono wowote ungeweza. Eneo la mita 3 kwa mita 3, ukiligawa kila sentimita 30, linakupa miraba 100, na ile picha ndogo uliyoshika mkononi nayo imegawanywa miraba 100. Kuanzia hapo hutazami uso wala joho. Unatazama mraba wa saba wa mstari wa nne: mkunjo unaingilia wapi, unatokea wapi.

Nimeona watu wazima, waliokuja wakiapa kwamba hawawezi kuchora hata kuku, wakiielewa hatua hii kwa dakika chache tu. Mmoja huchuchumaa, huhesabu miraba kwa kidole, kisha hunitazama na kusema, "Kumbe ni hivi!" Wala simwambii kwamba kuna siri zaidi, kwa kuwa sehemu kubwa ya siri ni hiyo hiyo, ukiongeza miaka ya mazoezi. Jioni, miraba ikishafunikwa na rangi, mtu huyo huyo angesema nimejaliwa kipaji na kuondoka zake bila kujifunza chochote.

Hatua ninayoipenda kuliko zote ni ya uso wa kijani. Wachoraji wa kale wa Italia walikuwa na desturi ya kutandaza udongo wa kijani chini ya ngozi kabla ya kuweka waridi na manjano, na juu ya lami nyeusi mbinu hiyo inafanya kazi vizuri ajabu. Tatizo ni kwamba kwa muda mrefu una mwanamke aliyelala barabarani mwenye uso wa rangi ya mwani. Binti mmoja mdogo alisimama mbele ya uso wa namna hiyo, akaukunja wake kwa wasiwasi. "Shangazi, huyu mama anaumwa?" Nikamwambia, kaa hapa mwanangu, umwangalie. Akakaa kwenye ukingo wa barabara. Nikalaza kipande cha pasteli ya manjano ya udongo kwa ubavu wake, nikakiburuta kwenye mfupa wa shavu, nikasugua kwa sponji. Kisha waridi kidogo, kidogo tena. Kijani kikaanza kujificha. Kikatoweka kwenye paji, kikatoweka puani, kikabaki chini ya kidevu na pembeni ya jicho karibu na nywele, na pale kilipobaki hakikuwa kijani tena bali kivuli. Binti akaruka. "Amepona!" Akakimbia kumvuta mama yake. Mama akaja, akatazama, akasema picha nzuri sana, hongera. Alikuwa mkarimu na alisema kweli, lakini wale wawili hawakuwa wameona kitu kimoja.

Kuna wanaotubeza kwa kunakili kazi za mabingwa wa zamani. Wanadai mchoraji halisi huleta wazo lake mwenyewe. Mimi nachora vyote viwili na siombi radhi kwa nakala, kwani barabarani nakala ina faida ambayo picha mpya haina: watazamaji wanajua tunaelekea wapi. Chukua msichana mwenye hereni ya lulu wa Vermeer, mchoraji wa Uholanzi, picha ya mwaka 1665 hivi. Ile ya asili, iliyoko jumba la makumbusho la Mauritshuis kule Den Haag, ina urefu wa sentimita 44.5 tu, ukiichora kwa mita 3 umeikuza karibu mara saba, na lulu yenyewe inakuwa pana kuliko kiganja. Hapo ndipo watu wanagundua kwamba hakuna lulu. Hakuna mstari wa kuizunguka, hakuna hata kikulabu cha kuining'iniza sikioni. Kuna giza la shingo, kuna doa jeupe zito juu kushoto, na kuna mwanga hafifu chini yake ulioakisiwa kutoka kwenye kola. Ninapoweka lile doa la juu huwa nasikia watu nyuma yangu wakivuta pumzi. Wameitazama picha hiyo maisha yao yote, kwenye vikombe na kalenda, na sasa wameiona ikitengenezwa.

Nifike kwenye jambo linaloniudhi. Picha zinazoonekana kama shimo, maporomoko au mnyama anayechomoza ardhini zimeyateka matamasha mengi. Asili yake ninaiheshimu. Kurt Wenner, Mmarekani aliyekuwa mchoraji wa picha za anga wa NASA, shirika la anga la Marekani, aliacha kazi hiyo na kuhamia Roma mwaka 1982, na huko akajifunza kutoka kwa mabingwa waliochora madari ya makanisa. Katika kanisa la Sant'Ignazio, dari lililochorwa na Andrea Pozzo mwishoni mwa karne ya 17 linaonekana kufunguka hadi mbinguni, mradi usimame juu ya duara la marumaru lililowekwa sakafuni. Ukisogea, nguzo zinaanza kuinama. Wenner alichukua elimu hiyo na kuilaza barabarani, na hesabu zake si mchezo: kila kinachokwenda mbali na jicho lazima kirefushwe kwa kiasi chake, la sivyo udanganyifu unavunjika.

Lakini angalia kilichofuata. Sasa picha ina mahali pamoja pa kusimama, na mahali pale pamewekwa alama ya miguu, foleni, na mtu wa kuwaambia watu wasogee haraka. Tamasha moja nililoshiriki lilituzungushia kamba siku nzima ili "mshangao usiharibike", na umma ukaruhusiwa kusogea kazi ilipokwisha. Tulichora kama walio kifungoni. Watu walipita mbali wakitupungia mikono. Hakuna aliyeniuliza swali hata moja, na jioni walipoingia walitugeuzia migongo ili wapigwe picha. Siwalaumu wao; walikuwa wameandaliwa hivyo.

Na ajabu ni kwamba picha za namna hii ndizo zingefundisha zaidi kama zingeachwa wazi. Mpeleke mtu upande usiofaa. Mwoneshe mguu wa simba uliorefuka mita 4, kichwa kilichovimba, duara lililokuwa yai. Kisha mtembeze polepole hadi kwenye alama, aone vyote vikijikusanya. Huyo ameelewa jinsi jicho linavyofanya kazi, na atakwenda nyumbani akitazama njia na kuta kwa namna nyingine. Kwa nini tumfiche?

Kuhusu mvua, huwa ninahurumiwa kupita kiasi. "Masikini, kazi yote hiyo itasombwa!" Inaposombwa baada ya kukamilika sina neno; kazi yangu ilikuwa ya saa zile na saa zile zimepata watu wake. Mvua inayoniuma ni ile inayonikuta katikati, kwa kuwa inawanyima waliosimama pale kuona mwisho. Hiyo napambana nayo kwa nguvu zote. Na wageni wa kazi hii wajue kwamba plastiki ya kufunikia haitoshi: maji hufuata mteremko wa barabara na kupita chini yake, kwa hiyo upande wa juu unahitaji kizuizi cha tepu au mifuko ya mchanga, na plastiki yenyewe isiguse rangi, maana unyevu wa usiku hujikusanya ndani na kudondoka matone. Dawa za kunyunyizia ili chaki igande sizitumii.

Magoti yanauma, ndiyo. Lete godoro jembamba. Vumbi la pasteli ni hatari zaidi ya magoti, hasa rangi zenye kadimiamu, metali yenye sumu, kwa hiyo barakoa na glavu, na usipulize vumbi kwa mdomo.

Ninachowaomba waandaaji kinawezekana kabisa. Ondoeni kamba. Watangazieni watu saa ya kuanza kwa herufi kubwa kama mnavyotangaza saa ya zawadi. Majaji wapite angalau mara 3, asubuhi ya kwanza ikiwemo, na watoe alama pia kwa namna mchoraji anavyoifungua kazi yake kwa watu. Hema la kivuli liwafunike na watazamaji, si mchoraji peke yake, maana hakuna atakayekaa juani saa nzima kusubiri kijani kigeuke kivuli. Na mtulipe. Matamasha mengi hutoa boksi la chaki na shukrani, kisha picha zetu zinapamba matangazo yao mwaka mzima. Saa tunazopiga magoti mbele ya umma ndizo bidhaa mnayoiuza, basi zihesabiwe kuwa kazi.

Nawe unayepanga kuja, usingoje alasiri. Fika wakati tunafagia. Uliza chochote, hata kama nimeinama na sikuoni. Nimezoea kujibu huku mkono unaendelea. Ukikuta ndiyo kwanza navuta uzi, sogea karibu, kwa sababu mara nyingi nakosa mtu wa kushika ncha ya pili na humwomba yeyote aliyesimama hapo.